Jina Lake Nani?

Wale waliokuja usiku wa taarab muhula uliopita wanakumbuka kilichotokea. Sambusa zilikuwa zimekwisha, chai bado ipo, na spika ya klabu imeunganishwa na simu ya mwenzetu mmoja ambaye siku zote ndiye mpiga nyimbo wetu, kwa kuwa ana taarab nyingi kuliko sisi wote tukijumlishwa. Shakila alikuwa anaimba. Mwenzetu akataka kuchagua wimbo unaofuata, kidole kikateleza, na badala ya wimbo ikaja sauti ya mama mtu mzima, ikajaa chumba kizima: "Shoga yangu wee, hebu n'ambie! Yule mama wa ghorofa ya pili karudisha sufuria yangu bila kifuniko, na mimi nimnyamazie?"

Ujumbe ulitoka Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah. Mama yake alimkusudia rafiki yake wa Mombasa, akabonyeza jina lisilo.

Tulicheka mpaka machozi. Tulicheka kwa sababu mbili, na afadhali tuzikiri zote. Ya kwanza ilikuwa sufuria. Ya pili ilikuwa lile neno la mwanzo. Wengi wetu tumezaliwa au kukulia nje, Kiswahili tumekipata jikoni na kwenye simu, na neno "shoga" tulilijua kwanza kama tusi la uwanja wa shule na la vijana wanaotukanana chini ya video. Mama mzima kuanza mazungumzo kwa neno hilo kulitupa kicheko cha kitoto. Mmoja wetu akaanza kuliigiza kwa sauti nyembamba, na mkono ameulegeza. Mwenye simu hakucheka. Alichomoa simu, akachukua koti lake, akaondoka, na usiku ule hatukusikia taarab tena.

Alirudi baada ya wiki mbili. Alitwambia wachache wetu kwamba yeye anapenda wanaume, kwamba ana mpenzi hapa chuoni, na kwamba mama yake hajui. Ametupa ruhusa ya kuandika kwa masharti: tusitaje jina, tusitaje anachosoma, na asome kabla ya gazeti kwenda kuchapwa. Amesoma. Amefuta mistari miwili na kuongeza mmoja, na hatusemi ni upi.

Tuanze na Al-Rawdah, maana hata jina lenyewe linachanganya. Riyadh kuna Al-Rawdah, na Jeddah kuna Al-Rawdah. Yeye amekulia ile ya Jeddah, ghorofa ya tatu, kwa wazazi waliotoka Mji wa Kale wa Mombasa kufuata kazi ya baba. Nje ya mlango ilikuwa Kiarabu, shuleni Kiarabu na Kiingereza, na ndani Kiswahili cha Mombasa pamoja na sanduku la kaseti. Nyingine zilikuwa za muziki, zile za Mbwana Radio Service ya Mombasa, na baba yake alipenda Juma Bhalo kuliko chakula. Nyingine zilikuwa barua. Bibi yake hakuwa mwepesi wa kuandika, kwa hiyo alikuwa akirekodi: salamu za kila mtu, nani kaolewa, nani kafariki, kuku akiwika nyuma yake, kisha kaseti inapewa mtu anayekwenda Umra. Jibu lilirudi kwa njia hiyo hiyo. Wakati mwingine walirekodi juu ya taarab kwa kukosa kaseti tupu, na barua ya bibi ilipokwisha, wimbo ulitokea katikati ya ubeti kana kwamba haukukatizwa.

Simu za kisasa zilipokuja, kaseti iliondoka lakini desturi haikuondoka. Mpaka Septemba 2017 serikali ya Saudia ilikuwa imezuia kupiga simu kwa intaneti kupitia programu kama Skype. Ujumbe wa sauti ulipita, mazungumzo ya moja kwa moja hayakupita. Kwa hiyo mama zetu wa Ghuba wakawa hodari wa kusema peke yao kwa dakika nne bila kuvuta pumzi, na hata baada ya simu kufunguliwa hawakuacha. Sisi tuna nadharia kwamba wanapendelea hivyo, kwa sababu hakuna anayeweza kuwakatiza.

Ndani ya ujumbe hizo za sauti ndimo mwenzetu amekuwa akimwambia mama yake habari za mpenzi wake kwa miaka miwili. Tulipomsikia akisema hivyo hatukuelewa. Amemwambiaje, na mama hajui?

Akatueleza, na tukaona haya kwamba hatukuwahi kulifikiria jambo hili, sisi tunaojiita klabu ya Kiswahili. Kiswahili hakisemi mwanamume au mwanamke mpaka utake mwenyewe. "Amepika wali jana." "Anaumwa mafua, nimempelekea chai." "Nampenda." Herufi hiyo moja, a-, inambeba mtu yeyote. Mama akiuliza "Amekula?", mwana anajibu "Amekula," na hakuna aliyesema uongo. Kiingereza kingemlazimisha kuchagua katika sentensi ya kwanza. Kiarabu kingemlazimisha zaidi, kwa kuwa kitenzi chenyewe hubadilika kwa mwanamume na mwanamke, hata unapomwambia mtu "njoo" au "umekula?". Mwenzetu anasema shuleni Jeddah alikuwa akitafsiri kichwani kutoka Kiswahili ili apate pa kujificha, na Kiarabu kikimtoa mafichoni kila alipofungua mdomo.

Ila katika nyimbo. Hapo Kiarabu nacho kina siri yake. Waimbaji wa Kiarabu tangu zamani humwita mpendwa kwa umbo la kiume, habibi, hata kama anayeimbiwa ni mwanamke, na Umm Kulthum ambaye watu wa Unguja na Mombasa walimsikiliza sana redioni aliimba kwa mtindo huo. Taarab imekulia karibu na muziki huo. Klabu ya Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905, na Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliupeleka muziki huo kwa Kiswahili, lugha ya a- moja kwa watu wote. Kwa hiyo ukisikiliza taarab kwa sikio la mwenzetu, mpenzi, mahabubu, nyonda, muhibu, wote hawana jinsia mpaka msikilizaji awape. Mwanamke anaweza kuimba shairi lililotungwa na mwanamume, na mwanamume la mwanamke, na hakuna anayeshangaa. Hatusemi kwamba watunzi walikusudia watu kama yeye. Tunasema alipokuwa na miaka 15, akiwa amejifungia chumbani na masikio yamezibwa kwa visikilizi, Shakila Saidi wa Black Star ya Tanga alikuwa akiimba maneno ambayo hayakumfukuza.

Sasa lile neno. Kamusi tunazotumia darasani zinalipa maana mbili: rafiki wa kike wa mwanamke, na mwanamume anayelala na wanaume. Mwalimu wetu mmoja alitukumbusha kwamba maana ya kwanza ingali hai kabisa. Nenda kwenye harusi yoyote ya pwani usikilize akina mama. Mtaalamu wa Kiingereza, Gill Shepherd, aliyefanya utafiti Mombasa, aliandika mwaka 1987 kuhusu mashoga, mabasha na wasagaji wa mji ule kama watu waliojulikana mitaani, wenye majina na nafasi zao, ingawa nafasi hiyo haikuwa ya heshima kubwa. Mwaka 1998 Deborah Amory naye aliandika makala kuhusu mashoga, mabasha, na neno jipya la wakati huo, magai. Kuna mengi ya kubishana nao, na wawili kati yetu wamebishana mpaka maktaba ikafungwa, hasa kuhusu Shepherd anavyolipa cheo na fedha uzito kuliko mapenzi. Lakini yeyote anayesema kwamba jambo hili limeletwa pwani na simu za mkononi inabidi aeleze kwa nini lugha ilikuwa na maneno yake kabla ya simu.

Kilichotoka nje bila shaka ni sheria. Vifungu 162 na 165 vya kanuni ya adhabu ya Kenya ni urithi wa Waingereza, na kifungo chake kinafika miaka 14. Tanzania adhabu ni nzito zaidi, kuanzia miaka 30. Saudia majaji wanafuata sharia, na hukumu inaweza kufika kifo. Juni 2022 maofisa wa biashara walipita kwenye maduka ya Riyadh wakiondoa vitu vya watoto vyenye rangi za upinde wa mvua, pamoja na vibanio vya nywele na vikasha vya kalamu, na televisheni ikaonyesha. Mwenzetu aliona habari hiyo akiwa nyumbani likizo. Mdogo wake wa kike alikuwa na kibanio cha namna hiyo. Anasema hakuna aliyesema neno, mama alikichukua tu akakitia kwenye droo.

Muziki haukubaki nje ya vita hivi. Februari 2016 kundi la Art Attack la Kenya lilitoa video ya wimbo unaotetea wapenzi wa jinsia moja. Bodi ya filamu ya Kenya ikaupiga marufuku na kuitaka Google iuondoe YouTube. Google haikuuondoa, iliuwekea onyo tu. Mwenzetu aliutazama Al-Rawdah, sauti ameizima kabisa kwa kuhofia kaka yake, akisoma midomo. Alikuwa bado hajamaliza shule ya msingi. Mpaka leo, anasema, akiukumbuka wimbo ule anaukumbuka ukiwa kimya.

Na yupo Binyavanga Wainaina. Januari 2014, siku alipotimiza miaka 43, alichapisha kwenye mtandao sura aliyoiita iliyopotea ya kitabu chake cha maisha. Ndani yake anakwenda kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa na kumwambia kwamba yeye ni shoga. Kisha anakiri kwamba haikuwa hivyo. Mama yake alifariki mwaka 2000 naye yuko mbali, Afrika Kusini, na hakumwambia kamwe. Tuliisoma sura hiyo pamoja kwa sauti, kila mtu aya moja. Ilipofika zamu ya mwenzetu alipitisha kwa jirani. Binyavanga alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuvifuta vile vifungu.

Klabu haikukubaliana kuhusu makala haya, na hatutaki kuficha hilo. Tuko Waislamu, tuko Wakristo, na wengine wetu tunaamini kwamba dini zetu zimeshasema. Mmoja aliyesema hivyo kwa msimamo mkali zaidi ndiye aliyekwenda bwenini kwa mwenzetu usiku ule, akampelekea skafu aliyoisahau, akakaa naye mpaka alfajiri. Hajabadili msimamo. Alipiga kura makala yachapwe. Na aliyeigiza kwa mkono uliolegea ni mmoja wa tunaoandika hapa. Ameomba radhi ana kwa ana, na radhi hiyo si ya kuwekwa gazetini.

Kilichomrudisha mwenzetu kwetu, kwa kweli, si sufuria. Ni ujumbe mwingine, uliofika siku tatu baada ya usiku wa taarab. Alituchezea, safari hii bila spika, simu imewekwa mezani na vichwa vyetu vimeinamishwa. Mama kwanza anaomba samahani kwa ule ujumbe uliopotea njia. Kisha anatoa habari za kifuniko, ambacho kimepatikana. Kisha anasema baba yake anauliza mbona mtoto hazungumzii masomo. Kisha kuna kimya, na nyuma yake kiyoyozi cha Jeddah kinavuma. Halafu kwa sauti ya chini kidogo: "Na huyo mwenzio anayekupikia wali. Mwanangu, miaka miwili sasa. Jina lake nani?"

Hapo a- haisaidii tena. Jina ni la kiume, halina namna ya kusikika vingine.

Alitaka tumsaidie, sisi wenye maneno mengi. Tulikaa karibu saa tatu. Mmoja alisema ataje jina tu, mama ataelewa anachotaka kuelewa. Mwingine akasema asubiri akutane naye Mombasa, maana ujumbe hubaki kwenye simu, na simu ya mama nyumbani kwao hushikwa na kila mtu, na yeye bado anahitaji kuingia na kutoka Jeddah kwa usalama. Tulijaribu sentensi. "Mpenzi wa jinsia moja" ikasikika kama taarifa ya habari. Maneno mengine ya kamusi hatuyaandiki hapa, yote ni matusi. Mtu mmoja akauliza kama anaweza kutumia lile neno la mama mwenyewe, shoga, na tukanyamaza, kwa sababu lilikuwa neno zuri kuliko yote tuliyokuwa nayo na tulikuwa tumeshaliharibu.

Amerekodi majibu manane, ameyafuta yote. Wiki iliyopita alimtumia mama wimbo wa Shakila badala ya jibu. Mama akajibu kwa dakika mbili, nusu yake akiimba, anaujua mpaka mwisho. Alipomaliza akacheka, akasema wimbo ni mzuri, lakini yeye hakuuliza wimbo.