Mpira wa Rejeta: Usingoje Upasuke

Ndugu msomaji, pengine wasema, "Mimi sina gari. Habari za rejeta zanihusu nini?" Ngoja kidogo. Mgonjwa wa nyumbani kwako akipelekwa hospitali Njombe, hupelekwa kwa gari. Viazi vyako vikienda Makambako, huenda kwa gari. Na mara nyingi gari lenyewe si jipya. Ni Hiace ya miaka mingi, iliyokwisha kupita mikononi mwa watu watatu au wanne. Likisimama njiani usiku, hasara si ya mwenye gari peke yake, bali ni ya wote waliomo.

Kitu kinachoweza kulisimamisha ni kidogo: mpira wa maji. Na mtu mwenye bisibisi, kisu na subira aweza kuubadilisha mwenyewe nyumbani.

Kazi ya mpira

Maji huzunguka ndani ya injini yakichukua joto. Hutoka kwa mpira wa juu, huingia katika rejeta, hupozwa na upepo, kisha hurudi kwa mpira wa chini. Iko pia mipira myembamba ipelekayo maji ya moto kwenye kile kifaa cha kupasha joto ndani ya gari. Watu wa Njombe wajua thamani ya kifaa hicho mwezi wa Juni na Julai!

Sasa sikiliza jambo ambalo sisi wa milimani yatupasa kulijua. Pwani maji huchemka yakifika digrii 100. Lakini kadiri unavyopanda, ndivyo yanavyochemka mapema, karibu digrii 1 kwa kila mita 300. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na huko maji ya sufuria huchemka penye digrii 93 hivi. Ndiyo sababu maharage huchelewa kuiva.

Injini nayo hufanya kazi penye digrii 80 hadi 95. Mbona basi maji ya rejeta hayachemki kila siku? Kwa sababu mfuniko wa rejeta huyafungia ndani kwa nguvu, na maji yaliyogandamizwa hayachemki upesi. Mpira ukipata ufa, nguvu ile hutoka. Maji yachemka, yamwagika, na injini yabaki kavu. Kichwa cha injini chapinda. Hapo mwenye gari hatafuti mpira tena, atafuta injini. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jinsi ya kuukagua

Kagua asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Katika Hiace za zamani injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo inua viti kwanza. Bonyeza kila mpira kwa vidole, katikati na karibu na vibano vya mwishoni. Mpira mzuri ni mgumu kiasi, lakini hurudi upesi ukiuachia. Ukiwa laini kama ndizi mbivu, au ukilia kwa ukavu, au umevimba, umepasukapasuka, au umelowa oili, umekwisha. Penye kibano ukiona doa jeupe au la kijani, maji yamekwisha kuanza kuvuja.

Usidanganywe na uso mzuri. Mpira mara nyingi huharibika kutoka ndani, hasa karibu na ncha zake, na nje waonekana mzima. Kwa hiyo ukiona mmoja umechoka, badilisha yote pamoja, maana umri wake ni mmoja.

Kununua

Makambako ni njia panda ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA. Ukienda kununua vipuri huko, chukua mpira wa zamani mkononi, au kama gari laitumia bado, andika aina ya gari na ya injini. Linganisha upana wa tundu, urefu na mapindo yake. Mpira wa kumwagilia bustani haufai, kwa kuwa hauvumilii joto. Nunua na vibano vipya vya skrubu.

Kazi yenyewe

Simamisha gari mahali pa sawa, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu. Hakikisha tena kwamba injini ni baridi. Usifungue kamwe mfuniko wa rejeta yenye moto! Maji yale yana joto kupita maji ya sufuria, nayo huruka usoni mara moja. Watoto wakae mbali.

Weka karai chini, fungua mfuniko, kisha fungua koki ya chini ya rejeta. Maji yenye dawa ya rejeta, ile iitwayo kulanti, yaweza kuwa na sumu, na ladha yake ni tamu. Mtoto, mbwa au kuku akiyanywa aweza kufa. Yatie katika dumu lenye kifuniko, usiyamwage kijitoni.

Badilisha mpira mmoja mmoja, usije ukasahau upi ulikuwa wapi. Legeza kibano, zungusha mpira polepole. Ukigoma, usiuvute kwa nguvu, kwani shingo ya rejeta huvunjika. Upasue mpira kwa kisu kwa urefu wake, nao utatoka wenyewe. Safisha shingo kwa kitambaa na msasa laini.

Vika vibano kwenye mpira mpya kwanza. Lowesha ncha kwa maji, wala si kwa oili wala grisi, kwa sababu hizo hula mpira. Sukuma mpaka upite ule ukingo wa shingo, kisha kaza kibano nyuma ya ukingo huo. Kaza vizuri, lakini usikate mpira. Tazama usiguse feni, mkanda, wala bomba la moshi.

Sasa jaza dawa ya rejeta na maji safi, nusu kwa nusu. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi, maana chumvi hujenga ukoko ndani. Usitie maji matupu: usiku wa baridi kali, ule wa sakitu mabondeni, maji matupu huweza kuganda na kupasua injini.

Washa injini, mfuniko ukiwa wazi, na kifaa cha joto kikiwa kimefunguliwa. Simama pembeni, usiiname juu ya mdomo wa rejeta. Mapovu yatatoka, nawe utaongeza maji polepole. Mpira wa juu ukipata moto na mapovu yakiisha, funga. Nenda safari fupi, rudi, ngoja ipoe, kisha kagua kiasi cha maji na ukaze vibano tena.

Ukipasuka njiani

Kutoka Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60, na njia ina vilima. Sindano ya joto ikipanda, au ukiona mvuke, simama mara moja na uzime injini. Teremsha abiria, wakae mbali na barabara. Usiseme, "Nitafika tu hapo mbele." Usimwagie injini maji baridi, maana chuma cha moto hupasuka. Kuufunga mpira kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kwaweza kukufikisha kijiji cha karibu, lakini si matengenezo.

Na kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, hapo kazi imekupita. Mwite fundi.

Wewe abiria nawe, ukiona maji yanadondoka chini ya gari kabla ya safari, mwambie dereva bila haya. Akikasirika, haidhuru. Afadhali uchelewe saa moja stendi, kuliko mgonjwa wako kulala barabarani.