Simba wasiong'ata: mechi 16, vipigo 16!

Na Mwandishi Wetu

MASHABIKI wa Msimbazi msishtuke, si nyie mnaosemwa leo. Simba hawa ni wa Detroit huko Marekani, Detroit Lions, na mpira wao ni ule wenye umbo la yai, unaochezwa kwa mikono kuliko miguu, watu wamevaa helmeti kama waendesha pikipiki. Msimu wa mwaka 2008 jamaa hao walishuka dimbani mara 16, na mara zote 16 walitoka vichwa chini. Hakuna ushindi, hakuna hata sare ya kuombea maji!

Ligi yao ya NFL ilianza utaratibu wa mechi 16 mwaka 1978, na kwa miaka yote hiyo hakuna timu iliyokuwa imefanya kioja hicho. Tampa Bay walipoteza zote mwaka 1976, lakini zao zilikuwa 14.

Kinachochekesha ni kwamba mechi za kujipima nguvu kabla ya msimu, Lions walishinda zote nne. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Safari hii wahenga walichemsha. Mechi ya kwanza ya ligi huko Atlanta, kijana mgeni Matt Ryan alirusha pasi yake ya kwanza kabisa katika ligi, ikazaa yadi 62 na bao. Lions wakalala 34-21, na ndio ukawa mwanzo wa mkosi.

ALIKIMBIA HADI NJE

Oktoba 12 walikuwa Minnesota. Mrusha pasi wao, Dan Orlovsky, alikuwa na mpira ndani ya eneo la mwisho la upande wake. Akamuona Jared Allen, pande la mtu, anakuja mbio. Orlovsky akachapa mwendo huku akitafuta wa kumrushia, kumbe keshakanyaga nje ya mstari wa nyuma! Kwa sheria zao, kosa hilo linawapa wapinzani pointi 2. Mechi ikaisha Minnesota 12, Lions 10. Hesabu mwenyewe.

Basi bwana, watu walimcheka Orlovsky mpaka wakachoka. Lakini ukichimba utaona mkosi wenyewe haukuanzia kwake.

BABA NA MWANA

Timu ilikuwa mali ya mzee William Clay Ford, mjukuu wa yule Henry Ford wa magari. Mwaka 2001 mzee alimkabidhi timu Matt Millen, mchezaji wa zamani aliyeshinda ubingwa mara nne, na baadaye mtangazaji wa mechi kwenye televisheni. Mpira alikuwa anaujua. Ofisi ya kuendesha timu alikuwa hajawahi kuikalia hata siku moja.

Kila mwaka timu za NFL huchagua vijana kutoka vyuo vikuu. Mwaka 2003, 2004, 2005 na 2007, Millen alitumia nafasi yake ya kwanza kuchukua mpokea pasi. Huyo ni sawa na mwenye nyumba anayenunua mapazia kila mwaka wakati paa linavuja.

Mwaka 2005 alikuwa keshaongezewa mkataba. Desemba mwaka huohuo mashabiki wakaandamana nje ya uwanja wakitaka aondoke. Sikio la kufa halisikii dawa. Ilibidi mtoto wa mzee, Bill Ford Jr., atamke hadharani Septemba 2008 kwamba kama uamuzi ungekuwa wake, Millen angeondoka. Siku mbili baadaye jamaa akapigwa chini. Alikuwa ameacha ushindi 31 na vipigo 84.

MAMBO YA MKWE

Kasheshe haikuishia hapo. Kocha mkuu Rod Marinelli alimpa kazi ya kusimamia ulinzi Joe Barry, mume wa binti yake. Ulinzi huo ukaruhusu pointi 517 msimu mzima. Baada ya kulambishwa 42-7 na New Orleans, mwandishi mmoja wa gazeti la mjini akamuuliza kocha kama hatamani binti yake angeolewa na kocha wa ulinzi aliye bora zaidi. Swali lilizua zogo, na mwandishi huyo hakukaa muda mrefu akaacha kazi gazetini. Desemba 28 Lions wakafungwa 31-21 na Green Bay, hesabu ya 16 ikatimia. Kesho yake Marinelli akafutwa kazi. Mkwe naye hakubaki.

MJI MSIBANI

Usicheke sana, msomaji. Miezi hiyohiyo Detroit ilikuwa inalia. Novemba 2008 wakubwa wa General Motors, Ford na Chrysler walikwenda Washington kuomba msaada wa serikali, tena kwa ndege binafsi! Mwaka uliofuata, Chrysler na General Motors ziliomba kinga ya mufilisi mahakamani.

Mfanyakazi asiyejua kama Jumatatu kibarua chake kitakuwepo alikuwa na faraja yake ya Jumapili, nayo ikageuka adhabu. Sikukuu ya Shukrani, wakati familia zimekaa mezani na bata mzinga, nchi nzima ikawaona wakigaragazwa 47-10 na Tennessee. Wengine walikwenda uwanjani wamejivika mifuko ya karatasi vichwani kwa aibu.

Na hapo ndipo panapouma. Fundi wa kiwandani akikosea kukaza nati anaulizwa siku hiyohiyo. Millen aliachwa miaka saba na ushee.

NFL haina kushuka daraja. Anayeshika mkia ndiye anayechagua kwanza, hivyo Lions wakampata Matthew Stafford. Septemba 27, 2009, baada ya vipigo 19 mfululizo, waliifunga Washington 19-14. Hata hivyo, miaka ya taabu iliendelea.

Mzee Ford alifariki mwaka 2014, mjane wake akashika usukani, na mwaka 2020 akamwachia binti yao, Sheila Ford Hamp. Mama huyo akaleta uongozi mpya na kocha mpya, Dan Campbell. Januari 14, 2024, Lions wakashinda mechi ya mtoano kwa mara ya kwanza baada ya miaka 32, tena dhidi ya Stafford yuleyule aliyekuwa amehamia Los Angeles, 24-23. Msimu uliofuata wakashinda mechi 15 na kupoteza mbili tu.

Kwa hiyo, shabiki mwenzangu, timu yako ikichapwa wikiendi hii, kabla hujamtukana golikipa, inua macho pale jukwaa kuu. Waangalie kwanza wale waliokalia makochi.