Mwanga wa Rafu Sebuleni: Piga Hesabu Kabla ya Kununua

Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme wake kutoka kwenye majenereta ya dizeli, na nyumba nyingi za vijiji vya jirani zilimaliza jioni kwa kibatari au karabai. Mwaka 2022 mkoa wa Kigoma uliunganishwa na gridi ya Taifa. Tangu hapo familia nyingi za wafanyakazi zina swali jipya: umeme umefika, je, tuutumie vipi nyumbani bila kuumiza mfuko?

Miongoni mwa vitu vinavyovutia macho madukani siku hizi ni taa za mkanda za LED. Huo ni ukanda mwembamba wenye vitaa vidogo, nao hubandikwa kwa gundi chini ya rafu za sebuleni, penye picha za arusi, vitabu na vikombe vya wageni. Nyingine huwashwa, hupunguzwa mwanga na kubadilishwa rangi kwa simu ya mkononi.

Ndugu msomaji, kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kununua kwanza na kupima baadaye. Tuseme sebule ina rafu tatu, kila moja ya mita 1.2. Jumla ni mita 3.6, na mkanda aghalabu huuzwa katika msokoto wa mita 5. Zitabaki mita 1.4. Badala ya kulitupa baki hilo, libandike juu ya meza anayosomea mtoto. Hapo pambo la baba na mama litakuwa pia msaada kwa mwanafunzi.

Sasa tuhesabu nguvu. Mkanda wa kawaida wa volti 12 wenye vitaa vidogo 60 kwa mita hula kiasi cha wati 4.8 kwa mita. Mita 5 ni wati 24. Ongeza moja ya tano, ili adapta isichemke, upate karibu wati 29. Adapta ya volti 12 na ampea 3, yaani wati 36, yatosha. Ukiwasha kwa saa nne kila jioni, mwezi mzima utatumia karibu uniti 3 za LUKU, ilhali balbu moja ya zamani ya wati 60 ingekula zaidi ya 7. Lakini ipo mikanda yenye nguvu zaidi, ya wati 14.4 kwa mita. Hiyo kwa mita 5 hula wati 72, na ukiipa adapta ndogo utaiunguza. Basi soma maandishi ya kwenye boksi kabla ya kulipa.

Mkanda hukatwa mahali palipochorwa alama tu, penye vidoa vya shaba. Katika aina tuliyoitaja, ni kila sentimita 5. Kila kipande kipewe waya wake kutoka kwenye adapta, kwani vipande vikifuatana katika mstari mrefu, cha mwisho huwaka kwa unyonge.

Rafu za mninga, mbao ijulikanayo sana Kigoma, ni nyeusi kiasi na humeza mwanga. Kwa hiyo bandika mkanda karibu na ukingo wa mbele, nyuma ya kibao chembamba, ili vitaa visichome macho ya aliyeketi. Chagua mwanga wa kelvini 2700 hadi 3000, wenye umanjano mpole. Ule wa 6000 ni mweupe mno kwa mapumziko ya jioni.

Ipo pia mikanda inayopokea volti 230 moja kwa moja. Hiyo haifai katika rafu zinazofikiwa na mikono ya watoto. Vilevile adapta isifichwe nyuma ya vitambaa au magazeti, bali iachiwe hewa. Kazi yoyote ya kugusa waya za ukutani mwachie fundi umeme.

Kwa ndugu zetu wa vijijini, kama kule Kitanga, wanaotegemea sola, habari ni njema: mkanda wa volti 12 waweza kutumia betri yao. Lakini betri inapochajiwa volti zake hupanda hadi kupita 14, jambo linalofupisha maisha ya vitaa. Kifaa kidogo cha kutuliza volti huondoa tatizo hilo, na fyuzi karibu na betri ni ya lazima.

Je, kuendesha taa kwa simu ni lazima? La. Aina nyingi za Wi-Fi hutaka mtandao wa nyumbani wa gigahezi 2.4, asiye nao atosheke na rimoti au swichi ya kawaida. Fedha itakayosalia inunue adapta imara, kwa maana adapta mbovu ikiungua, rafu nzima hubaki gizani, na mtoto huachwa na daftari lake bila mwanga.

Futi ya kupimia na penseli havigharimu kitu kikubwa. Vitangulie kwenye rafu zako, dukani utakwenda baadaye.