Katuni na Tangazo: Mwalimu Mmoja kwa Mtoto wa Dodoma

Mtu akikwambia kwamba televisheni haimbadilishi mtoto mdogo, muulize kuhusu Akili and Me. Katuni hiyo ya Kitanzania, inayotengenezwa na shirika la Ubongo, imepimwa kisayansi katika mkoa unaopakana na Dodoma. Dina Borzekowski, mtafiti wa Marekani, alifuatilia watoto zaidi ya 500 wa Morogoro, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018: waliotazama katuni hiyo kwa wiki chache tu waliwazidi wenzao waliotazama vipindi vingine katika kuchora, kutambua maumbo na kuhesabu. Kabla ya hapo, mwaka 2010, yeye na Henry Macha walikuwa wamechapisha utafiti juu ya kipindi cha watoto cha Kilimani Sesame, uliohusisha watoto 223 wa Kisarawe na Dar es Salaam. Ndani ya wiki sita, kadiri mtoto alivyokishika kipindi ndivyo alivyopiga hatua katika herufi, hesabu na hata ufahamu wa malaria. Habari hizi zilipokewa kwa furaha, na zilistahili. Lakini anayezikubali amekubali jambo jingine pia: kwamba picha inayocheza kwa dakika chache, ikirudiwarudiwa, huingia kichwani mwa mtoto wa miaka minne na kukaa. Haijali kama inafundisha namba au inauza juisi ya unga.

Borzekowski huyohuyo alikuwa amelichunguza tangazo la biashara miaka mingi kabla. Katika utafiti alioufanya na Thomas Robinson huko California na kuuchapisha mwaka 2001, watoto 46 wa miaka miwili hadi sita waligawanywa kwa kura. Wote walitazama katuni ileile, ila kundi moja liliwekewa matangazo mafupi katikati. Kisha kila mtoto akaonyeshwa vyakula viwiviwili vinavyofanana, kimoja kikiwa kimetangazwa, akaulizwa anataka kipi. Waliotazama matangazo walielekea zaidi kwenye kilichotangazwa, ingawa walikiona kwa sekunde chache tu. Mwaka 2007 timu yao ikaenda mbali zaidi. Watoto 63 wa miaka mitatu hadi mitano walionjeshwa chakula kilekile mara mbili, mara moja kikiwa kwenye karatasi nyeupe, mara nyingine kwenye karatasi yenye nembo ya McDonald's. Karoti zilitoka duka la kawaida la vyakula na hazikuwa na uhusiano wowote na mgahawa huo. Watoto wengi walisema karoti iliyokaa kwenye nembo ndiyo tamu, na mvuto huo ulikuwa mkubwa zaidi kwa watoto wenye televisheni nyingi nyumbani. Hapo ulimi wenyewe ulikuwa umefundishwa.

Kwa nini mtoto hushindwa kujikinga? Kwa sababu kinga yenyewe bado haijaota. Mtoto wa miaka minne au mitano anaweza kutambua kwamba katuni imekatishwa na kitu kingine kimeanza, lakini hajui kwamba mtu fulani amelipa ili yeye atamani. Mwaka 2004 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, baada ya kupitia tafiti za miaka mingi, kilihitimisha kwamba watoto walio chini ya miaka minane kwa kawaida hawaielewi nia ya kushawishi iliyomo ndani ya tangazo. Mtu mzima anayeona tangazo la sabuni hupunguza kimoyomoyo nusu ya sifa anazozisikia. Mtoto hapunguzi chochote, kwake ni taarifa kama ile iliyomwambia kwamba pembetatu ina pande tatu. Tazama kwa makini tangazo moja la biskuti: wimbo wa maneno manne, rangi kali kuliko za katuni iliyotangulia, mtoto mpweke anayezungukwa na marafiki mara tu afunguapo pakiti, mama anayetabasamu kwa pembeni. Ni mbinu zilezile za kipindi cha kufundishia: kurudia, kuimba, kumpa mtoto mhusika anayefanana naye.

Sasa turudi uwanda wa kati, mkoani Dodoma. Chakula cha Bahi, Chamwino na Mpwapwa ni ugali wa uwele au wa mtama kwa mlenda, karanga, na ubuyu msimu wake ukifika. Uwele una madini ya chuma na protini zaidi kuliko sembe iliyokobolewa, na ubuyu una vitamini C kwa wingi. Vyote hivi havina tangazo hata moja, kwa sababu havina mwenye chapa. Tangazo hulipiwa na anayeweza kusema bidhaa hii ni yangu peke yangu. Hivyo mtoto wa Dodoma anafundishwa kila jioni kutamani vitu vyenye nembo, na ukimya juu ya chakula cha bibi yake nao unamfundisha kwamba hicho ni cha walioshindwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, huku zaidi ya theluthi moja ya wanawake wa umri wa kuzaa wakiwa na uzito uliozidi. Sisemi tangazo ndilo linalodumaza. Ukame, umaskini na maradhi vina mkono mzito zaidi. Nasema kwamba katika nchi yenye mizigo hiyo miwili kwa pamoja, sarafu ya shilingi 200 inayokwenda dukani kununua sukari yenye rangi badala ya karanga ni hasara ya kweli.

Wapo watakaosema kaya nyingi za vijijini hazina televisheni. Ni kweli, lakini mtoto hutazama kwa jirani na kwenye kibanda umiza, na nembo aliyoiona huko huikuta imepakwa kwenye ukuta wa duka la mtaa. Wengine watasema ni kazi ya mzazi kukataa. Hoja hii ina uzito, na mzazi anayekataa afanya vema. Hata hivyo tuna ushahidi wa kinachotokea mzazi akiachwa peke yake. Jimbo la Quebec nchini Kanada limezuia tangu mwaka 1980 matangazo yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13. Marvin Goldberg aliwalinganisha watoto wa Montreal, na mwaka 1990 akaripoti kwamba wale wanaozungumza Kiingereza, waliokuwa wakitazama zaidi vituo vya Marekani visivyoguswa na sheria hiyo, walikuwa na nafaka nyingi zaidi za sukari za watoto nyumbani kuliko wale wanaozungumza Kifaransa. Wazazi walikuwepo katika nyumba zote hizo. Tofauti ilitoka kwenye skrini.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha. Televisheni ya Tanzania Bara ilianza mwaka 1994 kwa vituo binafsi, kabla Serikali haijawa na kituo chake, na vituo hivyo huishi kwa matangazo. Ukiyaondoa, nani atalipia katuni? Jibu ni kwamba hakuna haja ya kuyaondoa yote. Benki, saruji na sabuni zitaendelea kumshawishi mtu mzima saa ya taarifa ya habari. Kinachokatazwa ni kumlenga asiyeweza kujibu. Sweden imefanya hivyo kwa walio chini ya miaka 12, na vituo vyake havijafungwa. Nasi tumewahi kuchukua hatua ya namna hii: tangu mwaka 1994 Tanzania ina kanuni zinazozuia kutangaza maziwa ya kopo kwa umma, kwa kuwa mtoto mchanga hawezi kujitetea mbele ya kampuni. Kutoka mtoto mchanga hadi mtoto wa miaka saba si mbali. Bunge linakaa Dodoma, na Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayotoa leseni. Ziandikeni kanuni zinazosema kwamba katikati ya kipindi cha watoto, na dakika zinazokitangulia na kukifuata, hakuna chakula wala kinywaji kitakachotangazwa.