Mama Lishe na Kalenda ya Korosho

Anayetaka kujua afya ya biashara ya chakula cha barabarani huko Chunyu, wilayani Ruangwa, asihesabu meza za Novemba. Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba na minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI ikianza kuzunguka Ruangwa, Nachingwea na Liwale, makuli, madereva wa malori na wakulima wanaosubiri mzigo upimwe lazima wale palepale, na wali maharage hauna muda wa kupoa. Kipimo ni Machi. Fedha za mnada zimeshakwisha, na anayeendelea kuwasha moto anauza kwa daftari: sahani leo, malipo msimu ujao. Kwa maneno mengine, huyu tunayemwita mhitaji wa mkopo ndiye anayekopesha kijiji.

Hapo ndipo mipango yetu inapopishana naye. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarejea 2024, na ni jambo jema. Lakini marejesho yakipangwa sawasawa kila mwezi, mama lishe wa Ruangwa anafanywa kuwa wa Kariakoo, ambako mteja ana kipato mwaka mzima. Huku mteja hulipwa kwa msimu. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo ya wakulima wengi yakachelewa, daftari nalo lingelipwa na nani?

Watasema kulegeza marejesho ni kuwazoesha watu kutolipa. Mbona mkulima naye hukatwa makato yake korosho inapouzwa, si Mei, na hakuna anayeuita huo uzembe? Mama lishe naye akatwe zaidi Novemba, apumzishwe Machi. Hoja nyingine dhidi ya mama lishe, ya usafi, ni nzito zaidi, maana kipindupindu hakitanii. Ila halmashauri hiyohiyo hutoza ushuru wa mazao kwenye korosho zinazopita pale ghalani. Sehemu yake ilete bomba na choo karibu na mnada, kabla ya kumtoza faini anayeosha sahani zote kwa ndoo moja.