Hesabu Gharama Yote Kabla ya Kupasuliwa Matiti

Mama msomaji, na wewe binti, na wewe baba pia, leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja. Usiruke ukurasa huu. Mbele ya mganga hakuna kiungo cha mwili cha kuonea haya, na asiyeuliza hupata hasara.

Mtu akitaka kujenga nyumba ya matofali, haulizi bei ya matofali tu. Anauliza bei ya mabati, ya misumari, ya milango, na mshahara wa fundi. Tena anajua kwamba baada ya miaka mabati yataota kutu, naye atanunua mengine. Asiyehesabu hivi, mvua humkuta kuta zimesimama bila paa. Basi, ikiwa tunahesabu namna hii kwa ajili ya nyumba, je, si inafaa tuhesabu zaidi kwa ajili ya mwili?

Siku hizi binti anaona picha katika simu yake. Pengine ndugu yake aliye Ulaya au Marekani anamwambia: "Huku wanawake wanapasuliwa, na matiti yao yanakuwa makubwa. Tafuta dola elfu chache tu." Je, hiyo ndiyo gharama yote? Hapana. Hiyo ni bei ya siku moja. Fuatana nami, tuhesabu pamoja.

KAZI HII NI NINI?

Mganga anampa mwanamke dawa ya usingizi. Halafu anakata ngozi chini ya titi, au kandokando ya chuchu, au kwapani. Kwa njia hiyo anaingiza kifuko chini ya nyama ya titi au chini ya msuli wa kifua. Ngozi ya kifuko imetengenezwa kwa silikoni, kitu kinachofanana na mpira laini. Ndani yake mna silikoni nzito kama ute, au maji ya chumvi safi. Kwa kawaida kazi hii huchukua saa 1 au 2. Kisha mganga anashona kidonda.

Jua hili vizuri: titi lenyewe halikukua. Maziwa hayakuongezeka. Kitu kigeni kimewekwa ndani, nacho kitakaa pale mchana na usiku.

ILIANZA WAPI?

Vifuko vya silikoni vilianza Marekani, katika mji wa Houston. Mwaka 1962 waganga Thomas Cronin na Frank Gerow walimwekea mama mmoja aitwaye Timmie Jean Lindsey vifuko vya kwanza vya namna hii. Mama huyu alikuwa na watoto 6. Hakwenda hospitali kutafuta matiti makubwa. Alitaka kuondolewa chale za rangi alizochorwa kifuani. Waganga walipomwuliza kama atakubali kujaribiwa vifuko, yeye alitamani zaidi masikio yake yarekebishwe. Wakapatana, na yote mawili yakafanywa.

Wakati ule hapakuwa na sheria Marekani iliyowalazimisha watengenezaji kuonyesha kwanza kwamba kifuko ni salama. Sheria juu ya vyombo vya namna hii ilitolewa mwaka 1976, wanawake wengi wakiwa wamekwisha kuwekewa. Baadaye malalamiko yakawa mengi. Mwaka 1992 ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa, iitwayo FDA, ilizuia vifuko vya silikoni kwa wanawake waliotaka kukuza matiti tu. Mwaka 1995 kampuni ya Dow Corning, iliyokuwa mtengenezaji mkubwa, ilijitangaza mahakamani kuwa imefilisika kwa sababu ya wingi wa mashtaka. Mwaka 1999 wataalamu waliochunguza habari hizi walisema hawakuona ushuhuda kwamba vifuko vinaleta magonjwa makubwa ya mwili mzima. Lakini walisema taabu za mahali penyewe ni nyingi: kifuko kupasuka, titi kuwa gumu, na kupasuliwa tena. Mwaka 2006 FDA iliruhusu tena vifuko vya silikoni.

Unaona? Hatusemi kwamba kila anayewekewa anaharibika. Wako wanawake wengi wanaofurahi navyo. Tunasema kwamba gharama haikujulikana siku ya kwanza, bali baada ya miaka mingi.

BEI YA SIKU YA KWANZA

Katika mwaka 2020, malipo ya mganga peke yake huko Marekani yalipita dola 4,000 kwa wastani. Ni malipo ya mikono ya mganga tu. Inafaa kuongeza:

1. Malipo ya anayetoa dawa ya usingizi.
2. Malipo ya chumba cha kupasulia na wauguzi.
3. Bei ya vifuko vyenyewe.
4. Kupimwa damu na kupigwa picha kabla ya kazi.
5. Dawa za maumivu na nguo ya kubana kifua.
6. Safari, mahali pa kulala, na chakula.
7. Siku ambazo hutafanya kazi.

Usidharau namba ya 7. Mtu anayeandika mezani huweza kurudi kazini baada ya juma moja hivi. Lakini mizigo mizito hukatazwa kwa majuma kadhaa, mara nyingi 4 mpaka 6. Wewe mama unayechota maji, unayebeba kuni na mtoto mgongoni, nani atakufanyia kazi hiyo siku zote hizo?

Tena jua kwamba bima nyingi hazilipi kazi ya kuongeza uzuri. Mama aliyekatwa titi kwa sababu ya kansa ana njia nyingine. Huko Marekani sheria ya mwaka 1998 inaagiza kwamba bima inayolipa gharama za kukatwa titi ilipe na kulitengeneza upya. Huyo si mtu wa kuchekwa wala kusengenywa. Anatafuta kurudishiwa alichonyang'anywa na ugonjwa.

BEI YA MIAKA INAYOFUATA

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. FDA inasema wazi kwamba vifuko si vitu vya kukaa maisha yote. Mwaka 2011 ilitangaza kwamba katika wanawake waliowekewa ili kukuza matiti, hadi 1 katika kila 5 huhitaji kuviondoa kabla ya miaka 10 kwisha.

Kifuko cha maji ya chumvi kikipasuka, titi hunywea na mwenyewe huona. Kifuko cha silikoni kikipasuka, pengine haonekani mabadiliko yoyote, wala hakuna maumivu. Kwa hiyo FDA inashauri mwenye silikoni apigwe picha kwa mashine ya MRI au ekografia baada ya miaka 5 au 6, kisha kila miaka 2 au 3. Nani atalipa picha hizo? Na mashine ya MRI iko wapi karibu na kijiji chako?

Sasa tufanye hesabu kwa mfano. Binti wa miaka 25 amewekewa vifuko vya silikoni. Akifuata shauri, atapigwa picha mwaka wa 5, wa 8, wa 11, na wa 14. Ni mara 4 kabla hajafika miaka 40. Tuseme vifuko vikadumu miaka 15. Atapasuliwa tena akiwa na miaka 40, na akitaka vipya, huenda akapasuliwa tena akiwa na miaka 55, na tena akiwa na 70. Kila mara malipo ya mganga, ya usingizi na ya chumba yanarudi. Kampuni nyingine hutoa kifuko kipya bure cha zamani kikipasuka, lakini haziahidi kulipa kazi yote. Na mwanamke akiamua kuviondoa kabisa, ngozi iliyonyoshwa hulegea, na pengine atataka kupasuliwa ili kuinua titi. Basi, bei ya binti huyu si dola elfu chache. Ni deni la maisha.

GHARAMA AMBAYO MWILI UNALIPA

Kuna gharama ambayo feza haiwezi kuilipa.

Kwanza, mwili hujenga ngozi ya kovu kuzunguka kila kitu kigeni. Kwa wengine kovu hilo hujikaza, na titi huwa gumu, huuma, na kubadilika umbo.

Pili, chuchu inaweza kufa ganzi.

Tatu, maziwa ya mtoto. Wengi wenye vifuko huweza kunyonyesha. Lakini mishipa ya maziwa au ya fahamu ikikatwa, hasa mganga akipitia kandokando ya chuchu, maziwa yanaweza kupungua. Binti asiyezaa bado afikiri sana juu ya jambo hili.

Nne, kifuko huficha sehemu ya titi wakati wa kupiga picha ya kutafuta kansa. Lazima picha nyingi zaidi zipigwe.

Tano, kuna kansa ya nadra inayoota katika kovu linalozunguka kifuko. Si kansa ya titi lenyewe. Imeonekana hasa kwa vifuko vyenye ngozi ya kukwaruza. Kwa sababu hiyo, mwezi wa Julai 2019, kampuni ya Allergan ilirudisha vifuko vyake vya BIOCELL kutoka masoko ya dunia yote. Ikigunduliwa mapema, mara nyingi hupona kwa kuondoa kifuko pamoja na kovu lake. Tangu mwaka 2021 FDA inaagiza kwamba onyo kali liandikwe juu ya vifuko vyote, na kwamba mwanamke asomewe orodha ya hatari kabla hajakubali.

HABARI YA UFARANSA

Msidhani kwamba nchi tajiri haziwezi kudanganywa. Kusini mwa Ufaransa kulikuwa na kampuni iliyoitwa Poly Implant Prothèse. Ili kupunguza gharama, ilijaza vifuko vyake silikoni ya kazi za viwandani, isiyoruhusiwa kuwekwa ndani ya mwili wa mtu. Vifuko hivyo vilipasuka kupita vingine. Serikali ilivizuia mwezi wa Machi 2010, lakini vilikuwa vimekwisha kuuzwa katika nchi nyingi. Mwezi wa Desemba 2011 Ufaransa iliwashauri wanawake wake kama 30,000 waviondoe. Mwaka 2013 mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa miaka 4 gerezani.

Sasa angalia hesabu ya wanawake wale. Serikali ililipa gharama ya kuondoa. Lakini gharama ya kuweka vipya ililipwa kwa wale tu waliotengenezwa titi baada ya ugonjwa. Waliotafuta uzuri walijilipia wenyewe mara ya pili. Aliyepata faida ni muuzaji, na aliyebaki na kidonda ni mama.

NJIA ZA BEI NDOGO

Pengine mtu atakwambia: "Mimi nina njia rahisi. Ni sindano tu." Mkimbie! Silikoni ya majimaji inayopigwa kwa sindano hutembea mwilini. Huleta mabonge na vidonda. Inaweza kuziba mishipa ya damu katika mapafu au ubongo, na kuua. Tena ikisha kuenea, mganga hawezi kuitoa yote. FDA haikuiruhusu kamwe kwa kukuza matiti. Na vidonge na mafuta ya kupaka yanayouzwa kwa kazi hii? Hakuna ushuhuda kwamba yanakuza matiti. Weka feza yako.

MASWALI YA KUULIZA

Ukiwa bado na nia, au binti yako akiwa nayo, uliza hivi kabla ya kulipa hata dola moja:

- Bei hii inahesabu nini, na nini hakimo?
- Kifuko ni cha kampuni gani, cha namna gani, na namba yake ni ipi?
- Nikipata homa au usaha, nani atanitibu, na kwa feza ya nani?
- Nikirudi kwetu, ni mganga gani ataniangalia?
- Siku ya kuviondoa ikifika, nitatoa wapi feza?

Anayekasirika ukimwuliza maswali haya asipewe mwili wako.

Na wewe baba, je, neno lako la mzaha juu ya kifua cha mke wako halikumpeleka kwenye hesabu hii? Chunga ulimi. Matiti madogo si ugonjwa. Hayahitaji dawa, nayo hulisha mtoto sawasawa na makubwa.

KWA ALIYEKWISHA KUWEKEWA

Dada, usijifiche. Tunza karatasi ya vifuko vyako pamoja na karatasi zako za maana. Ukifika hospitali kwa picha ya kifua au ya matiti, mwambie muuguzi kwanza. Ukinyonyesha, mlete mtoto kwenye mizani kila wakati uliopangwa, tuone kama anaongezeka uzito. Na ukiona titi moja limevimba baada ya miaka, au limekuwa gumu, au linauma, au lina bonge kifuani au kwapani, usingoje. Njoo siku hiyohiyo. Hatutakuuliza kwa nini ulifanya. Tutakuuliza tangu lini linauma, na tutaanza kazi.