Kafi la Mvuvi: Rangi Isifunike Ufa

Katika wilaya tano za Mkoa wa Simiyu, ni Busega pekee inayopakana na Ziwa Viktoria. Maswa iko bara, katika nchi ya pamba, ambako seremala aweza kumaliza umri wake asipande mtumbwi. Lakini kafi alilolichonga nchi kavu laweza kuwa usiku huu mikononi mwa mvuvi aliye mbali na ufuko. Hapo swali la kulipaka nini huacha kuwa la urembo, likawa la amana.

Fundi ana njia tatu. Rangi ya mafuta hukinga jua kuliko zote, ila hufunika: ufa uliozibwa kwa gundi na unga wa mbao hauonekani tena. Vanishi huuonesha mti na kuzuia maji, lakini jua huila; ikibanduka, maji hupenya chini yake na mti huoza huku juu ukimetameta. Mafuta ya kitani, ambayo mafundi huyaita linsidi, huzama ndani ya mti na kukauka humo. Kinga yake ni ndogo, ila kuyarudia ni kazi nyepesi.

Kishawishi cha Maswa ni mafuta ya mbegu za pamba. Hayo hukauka kwa shida, na mpini hubaki ukinata na kukusanya vumbi. Tuyaache jikoni. Wazee wa pwani walipaka vyombo vyao sifa, mafuta ya papa, na chini wakapaka deheni ya shahamu na chokaa. Walitumia kilichokuwapo, lakini kwa kuijua kazi yake.

Basi kafi lipigwe msasa, lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, likauke, kisha lipigwe msasa tena. Mpini upakwe linsidi tu, usiteleze ukilowa. Bapa lipakwe vanishi mara tatu au zaidi, na ncha izidishiwe, kwani mti hunywa maji mengi pale nyuzi zake zilipokatwa.

Wazazi nao wazingatie: matambara yenye linsidi yakirundikwa hupata joto yenyewe, na yaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandazwe nje yakauke, mbali na watoto.

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Nabii Zakaria (AS) alikuwa seremala. Humo pia imo habari ya Mtume (SAW) kutia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu uliofichwa chini. Rangi juu ya ufa ina tofauti gani na hayo? Anayetaka kupaka rangi na apake, ila mnunuzi alione kafi kwanza likiwa tupu. Mke wa mvuvi anayengoja alfajiri hana njia ya kulikagua. Amemwachia fundi, na fundi ataulizwa.